Nani Kalegeza Betri ya Senka?

Jumamosi moja ya Septemba, wakati mji mzima wa Niš, kusini mwa Serbia, unagombania magunia ya pilipili hoho za kuchoma, kigari chekundu cha Senka kilizimika katikati ya lango la soko na kukataa katakata kuwaka. Nyuma yake palikuwa na lori la kabichi, nyuma ya lori teksi, na nyuma ya teksi kila mtu mwenye haraka zake. Honi zikaanza. Senka aligeuza ufunguo, ikasikika tik, tik, tik, na taa za dashibodi zikafifia. Kwenye kiti cha pembeni, imefungwa mkanda kama abiria, ilikaa keki ya ngazi tatu ya ubatizo wa mtoto wa watu, na krimu yake ilikuwa imeshaanza kutoka jasho.

"Dada, ondoa huo mkebe wako njiani!" dereva wa lori alipaza sauti.

"Niuondoe vipi, niubebe mgongoni? Shuka uusukume, mwenye misuli!"

Alikuwa na gauni la njano la vitone vyeupe, nywele kazifunga kwa kitambaa, na unga ulimganda kwenye kiwiko kwa kuwa hakupata muda wa kujitazama kwenye kioo. Umri wake ulikuwa miaka thelathini na moja. Alioka keki nyumbani kwake, za harusi na za ubatizo, na kigari hicho ndicho kilichozifikisha kwa wenyewe. Kikilala, na yeye analala njaa.

Kijana mmoja akapenya kati ya magari. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi vizuri, mkono mmoja umeshika mfuko wa pilipili na mwingine sanduku jeusi la ngozi.

"Washa tena," alisema akiinama dirishani. "Mara moja tu, nisikie."

"Wewe fundi?"

"Hapana. Mpiga tarumbeta."

"Basi kaungane na wenzako huko nyuma, wameshaanza kupuliza."

Kijana alicheka hadi akaweka mfuko wa pilipili chini. "Washa tu, dada yangu. Masikio hayatozi kitu."

Senka akawasha. Tik, tik, tik.

"Injini haina kosa. Umeme ndio haufiki kwenye stata. Fungua boneti."

Alipokishika kichwa cha waya wa betri, kilizunguka mkononi mwake bila ubishi wowote, na chini yake kulikuwa na unga mweupe kama chumvi. Aliukwangua kwa kisu cha mfukoni, akaomba spana. Senka alipekua chini ya visu vyake vya keki akaitoa, namba kumi. Kijana alikaza nati mpaka mishipa ya mkono ikamtoka, kisha akamwashiria kwa kidevu. Kigari kiliwaka kwa mkupuo mmoja. Dereva wa lori akapiga makofi kwa kejeli.

"Unaitwa nani?" Senka aliuliza.

"Relja. Nipe simu yako nikuwekee namba. Ikikohoa tena, nipigie niisikilize."

"Keki au gari?"

"Chochote kitakachokohoa, hata wewe mwenyewe."

Hivyo ndivyo walivyoanza, na sitamficha msomaji: Senka alifika kwenye ubatizo amechelewa, krimu imeteleza upande, na midomo yake ilikuwa inacheka peke yake kama ya mwendawazimu.

Kigari kile kilikuwa na umri wa kutosha kulipwa pensheni, kwa hiyo sababu za kupiga simu hazikukosekana. Asubuhi ya Jumanne kilipiga mayowe kilipowashwa. Senka alisogeza simu karibu na injini.

"Umesikia?"

"Nimesikia. Ni mkanda wa altaneta umelegea. Unalia kukiwa na baridi, ukishapata joto unanyamaza, sivyo?"

"Umejuaje kwamba unanyamaza?"

"Kwenye bendi yetu kuna mpiga ngoma wa hivyo hivyo. Nije niukaze saa ngapi?"

"Nani kasema uje?"

"Mkanda."

Alikuja, akaukaza mkanda, akanywa kahawa na baba yake Senka, mzee Tihomir, ghorofa ya nne, kwenye jengo ambalo lifti yake ilikuwa imekufa tangu majira ya kuchipua. Tihomir alikuwa dereva wa treni mstaafu. Vidole vyake vilikuwa vimeanza kukakamaa, na kwa sababu ya ngazi zile Senka alikuwa amempiga marufuku kushuka bila yeye. Mzee alimpenda Relja siku hiyo hiyo, kwa sababu Relja alikula kila alichowekewa.

Wiki iliyofuata Senka alikuwa anampeleka shangazi yake Ruža kwenye maji ya moto ya Niška Banja, kutibu magoti. Mlimani, mshale wa joto ukaanza kupanda kuelekea kwenye alama nyekundu. Senka akapiga simu, akaiweka kwenye spika.

"Relja, injini inachemka!"

"Tulia, roho yangu. Feni unaisikia ikizunguka?"

"Siisikii."

"Basi imegoma. Mpaka upate pa kuegesha, washa hita mpaka mwisho ivute joto la injini, na ufungue madirisha yote."

Senka akawasha hita na kushusha kioo chake. Kutoka kiti cha nyuma ikatoka sauti ya mtu anayeuawa.

"Promaja! Senka, funga! Upepo unaingia huku unatokea kule, unataka nipooze shingo?"

"Shangazi, tutaiva humu ndani!"

"Afadhali kuiva! Marehemu mume wangu alikaa kwenye upepo wa madirisha mawili siku moja tu, hakuwa mtu tena!"

"Mama Ruža," sauti ya Relja ikasema kwa upole kutoka kwenye simu, "jifunge kitambaa shingoni na uzibe masikio."

"Wewe nani unayenipa amri?"

"Ni yule atakayekuja kuwaokoa, mama."

Aliwakuta wameegesha chini ya mti, shangazi amejifunga vitambaa kama mtu aliyetoka kupigwa mawe, jasho likimtiririka, madirisha yote yamefungwa. Relja hakugusa kifuniko cha rejeta. "Ukikifungua kikiwa cha moto kinakuchoma uso," alimwambia Senka. Akasubiri kipoe huku akiwasimulia habari za harusi ambako bwana harusi alilala mezani. Kisha akabadilisha fyuzi ya feni, akaongeza maji, wakaendelea. Ruža alipona magoti siku hiyo kuliko siku nyingine yoyote, maana alishuka kwenye gari akikimbia.

Jioni ile wakatembea kando ya mto Nišava, wawili tu. Relja alimbusu chini ya taa ya daraja, na Senka akaona aibu kwa jinsi alivyomng'ang'ania.

"Nikwambie kitu," alimwambia. "Niliwahi kuwa na mtu miaka minne. Alikuwa akiniambia yuko zamu kazini. Zamu yake ilikuwa na nyumba na mke. Kila mtu mtaani alijua, isipokuwa mimi. Nimejiapia, Relja. Kufanywa mjinga, basi tena."

"Mimi sina zamu. Nina harusi tu, na harusi zinasikika kilomita tano. Siwezi kujificha hata nikitaka."

Senka alicheka, lakini kiapo kilikuwa kiapo. Alimpenda, tena alimpenda sana, na ndiyo maana alikaa macho kama mlinzi.

Basi ikaja ile Jumamosi ya mwanzo wa Oktoba. Usiku wa kuamkia siku hiyo Relja alikuwa amekula kwa akina Senka, akashuka kwenda zake, na akiwa chini akakagua gari kama kawaida yake. Alimpigia Senka kutoka uani: "Betri nimeikaza upya kwa spana. Hiyo hata ukipita juu ya reli haitikisiki. Lala, mpenzi." Asubuhi Senka alipanga keki ya harusi ya watu wa Leskovac, akafunga mlango wa gari, akageuza ufunguo. Kimya. Hata tik haikusikika.

Alifungua boneti. Kichwa cha betri kilikuwa kimekalishwa tu juu ya nguzo yake kama kofia, na nati ilikuwa na mikwaruzo mipya ya spana.

Kufikia wakati jirani alipomfikisha Leskovac kwa gari lake, wageni walikuwa wameshakula matufaha badala ya keki. Mama wa bibi harusi alimwambia maneno ambayo hayasemwi mbele ya wageni, lakini yeye aliyasema mbele ya wageni mia tatu. Senka alirudi nyumbani na keki yake mapajani. Shangazi Ruža alikuwa jikoni akimenya pilipili zilizochomwa, mikono myekundu hadi kwenye viwiko.

"Nati haijilegezi yenyewe," Ruža alisema bila hata kuulizwa. "Hebu hesabu. Huyu kijana anatengeneza, kesho yake linaharibika, anaitwa, anakula. Fundi akishiba hapa, kwa nini amalize kazi?"

Senka aliweka keki mezani. Aliingia chumbani, akafunga mlango, akapiga simu.

"Roho yangu! Harusi imekwendaje?"

"Jana usiku ulifanya nini kwenye gari langu?"

"Nilikaza betri. Si nilikwambia?"

"Uliikaza au uliilegeza?"

"Senka, unaniuliza nini?"

"Nauliza kwa nini kila ukiligusa linakufa kesho yake! Nauliza kwa nini spana imepita pale baada yako! Ulitaka niwe nakuhitaji, sivyo? Umenipotezea jina langu leo, Relja. Nimesimama mbele ya watu kama chizi na keki mkononi!"

"Mimi? Nilegeze?" Sauti yake ilishuka. "Mwanamke, kama nataka kukuona si nitapanda ngazi nigonge mlango? Nimepanda ngazi zile mara ngapi bila gari kuharibika?"

"Sijui. Nilikuwa bado mjinga, sikuhesabu."

"Umeniita mwongo."

"Nimekuita ulivyo."

"Sawa," alisema Relja. "Sawa, Senka. Basi tafuta fundi." Akakata simu.

Alilia mpaka mto ukalowa. Baba yake alipogonga mlango kuuliza kuna nini, alimjibu kwamba ni mambo ya watu wazima, na Tihomir, mwenye miaka sabini na minne, akarudi zake sebuleni kimya kimya.

Siku zikapita. Simu haikulia. Senka alijiambia kwamba ameponea chupuchupu, akaoka, akapeleka, na usiku akajikuta anasikiliza kila harusi iliyopita barabarani, kama tarumbeta ile ni ya Relja au ya mwingine. Kigari nacho kiliendelea na vituko. Siku moja kinawaka, siku nyingine hakiwaki, na kila mara ni kichwa kile kile cha betri. Hapo angeshtuka mtu mwenye akili iliyotulia. Lakini mwenye hasira ana jibu la kila kitu, na Senka aliamini kwamba Relja alikuwa ameharibu ile nati moja kwa moja.

Kisha Ruža akaleta habari, akajifanya anazisema kwa bahati mbaya. Bendi ya Relja ilikuwa imepata kazi Vienna, kwenye kumbi za Waserbia wa huko, majira yote ya baridi. Jumapili wangepiga harusi yao ya mwisho nje ya mji, barabara ya Pirot, na jioni ile ile wangepanda basi.

"Na aende," Senka alisema, akavunja yai nje ya bakuli.

Jumapili aliamka mapema kuliko kawaida, kwa kuwa usingizi ulimkataa. Mwanga ulikuwa ndiyo kwanza unaingia uani. Alitoka kwenye roshani na kikombe cha kahawa, akatazama chini, na kahawa ikammwagikia mkononi. Boneti ya kigari chekundu ilikuwa wazi. Juu ya injini alikuwa ameinama mtu aliyevaa koti la kulalia na ndala, akihangaika na spana kwa mikono yote miwili.

Senka alishuka ghorofa nne bila viatu.

"Baba!"

Tihomir aliruka, kichwa kikagonga boneti. "Mbona unanishtua hivyo? Unataka nife hapa?"

"Unafanya nini?"

"Narudisha waya wa betri. Unafikiri gari litawaka lenyewe?"

"Unaurudisha kutoka wapi?"

"Kutoka nilipouvua jana usiku." Mzee alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Nauvua kila usiku tangu Agosti, walipoiba gari la Stojan wa mlango wa tatu. Mwizi akija, ageuze ufunguo mpaka achoke. Nchi ilipowekewa vikwazo miaka ya tisini, tulifanya hivyo sote. Wengine walilala na betri chini ya kitanda. Wewe ulikuwa mdogo, umesahau."

"Kila usiku? Unashuka ngazi hizi kila usiku?"

"Wewe ukishalala. Na asubuhi narudisha kabla hujaamka." Akaficha mikono mifukoni. "Ila vidole havinitii siku hizi. Nakaza ninavyoweza. Siku nyingine nakiweka tu pale juu, naona kama kimeshika."

Senka alikaa chini, pale pale kwenye lami baridi.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenikataza. Umenikataza ngazi, umenikataza sigara, umenikataza kubeba kuni. Nimebakiwa na nini cha kuwalinda nyumbani kwangu?"

"Baba, nimemwita Relja mwongo. Nimemfukuza kwa sababu ya hiyo betri."

Tihomir alitoa mikono mifukoni. "Mimi nikadhani amekuonea. Ulisema mambo ya watu wazima." Akaivuta spana kutoka kwenye injini, akaitazama kama amekuta nyoka. "Mwanangu. Basi kumbe mimi ndiye niliyemfukuza yule mtoto?"

"Hapana," Senka alisema. Machozi yalimjaa lakini sauti ilikuwa imara. "Wewe ulilegeza nati tu. Maneno ni yangu."

Mchana walikuwa barabarani. Senka alivaa gauni la buluu lililomkaa kiunoni, midomo myekundu, hereni za marehemu mama yake. Tihomir alikaa pembeni na suti aliyoolea, hataki kuambiwa abaki nyumbani. Nati safari hii aliikaza Senka mwenyewe. Njia nzima alikuwa anajua vizuri anachokiogopa: kwamba atasema yote mbele yake, na Relja atamtazama kama mtu asiyemfahamu.

Ukumbi ulikuwa umejaa moshi wa nyama na kelele. Watu walikuwa wameshikana mikono wakicheza kolo kuzunguka meza, na katikati bendi ilikuwa inapuliza mpaka glasi zikatetemeka. Waliokunywa wakawa wanabandika noti kwenye mapaji ya nyuso za wapigaji yaliyolowa jasho, kila mmoja anaagiza wimbo wake, na mpigaji akishabandikwa noti hakatai. Relja alikuwa mbele, amefumba macho, shati jeupe limemganda mgongoni. Alikuwa amekonda.

Senka alikata safu ya wachezaji. Akatoa noti kwenye mkoba, akailamba nyuma, akambandika kwenye paji la uso.

Relja akafumbua macho. Tarumbeta ikakatika katikati ya mlio.

"Wimbo gani?" aliuliza, na sauti haikuwa na joto.

"Sitaki wimbo. Nataka unyamaze, unisikilize."

Wapigaji wengine wakashusha vyombo vyao, mmoja mmoja. Kolo ikasimama. Bibi harusi alinyoosha shingo kutoka meza kuu.

"Nilikuita mwongo," Senka alisema. "Hukusema uongo hata siku moja. Mtu mwingine alinidanganya, na deni lake nikakudai wewe. Sikukuuliza vizuri, sikungoja, nilikuwa na haraka ya kukuona mbaya ili nisije nikachelewa tena. Nisamehe. Hata kama unaondoka, ondoka ukijua kwamba najua."

"Na mkosaji wa betri ni huyu hapa!" Tihomir alipaza sauti kutoka mlangoni, mkono juu kama mwanafunzi. "Usiku navua, asubuhi narudisha! Kijana, nipige mimi!"

Watu wakaangua kicheko. Relja hakucheka. Alimtazama mzee, kisha akamtazama Senka.

"Iliniuma," alisema taratibu. "Usidhani haikuniuma. Nilikuwa napita chini ya dirisha lako na kujiambia, kama ananiona mimi ni wa hivyo, nikapande kumwambia nini?"

"Najua."

"Hujui. Lakini umekuja." Akaibandua ile noti kwenye paji lake, akaibandika kwenye paji la Senka na kuikandamiza kwa kidole gumba. "Sasa naagiza mimi. Leo jioni naenda Vienna, hilo nimeshawaahidi wenzangu. Nitarudi kabla theluji haijayeyuka. Nikirudi, utaolewa na mimi?"

Senka wa mwezi uliopita angeuliza Vienna kuna nani. Angetaka anwani, na namba ya simu ya kiongozi wa bendi.

"Utarudi?" aliuliza.

"Nitarudi."

"Nakuamini," Senka alisema, na akashangaa jinsi neno lenyewe lilivyotoka jepesi. "Nitaolewa na wewe. Nitaolewa, Relja!"

Alimkumbatia na tarumbeta yake hapo hapo, shaba ikamwachia alama ya baridi shingoni. Ukumbi ulilipuka. Mtu alivunja glasi, mzee Tihomir alikuwa analia waziwazi kwenye bega la mpiga ngoma, na bibi harusi alisimama juu ya kiti, shela imemwenda upande.

"Hei! Mmemaliza?" alipiga kelele. "Hii ni harusi yangu! Pulizeni!"

Mpiga ngoma akaanza. Tarumbeta nyingine zikaitikia, kolo ikaunganika upya, na Senka akashikwa mkono na watu asiowajua. Relja aliinua tarumbeta, akajaza pumzi, ikatoka hewa tupu. Alijaribu tena, ikatoka mlio kama wa bata. Wenzake wakamwigiza mlio huo kwa dhihaka huku wanapiga, naye akatikisa kichwa, akakaza midomo, akamtazama Senka, na midomo ikamponyoka tena, kwa sababu hakuna mtu anayeweza kupuliza tarumbeta huku anacheka.